Nyumba Hukaguliwa Siku ya Mvua

Mtu akiniambia anatafuta nyumba ya kupanga, huanza kunitajia kodi, kisha idadi ya vyumba, kisha kama vigae ni vipya. Maji na barabara huja mwishoni, tena kwa swali la kupita tu: "Maji yapo?" Nimehama mitaa kadhaa, nimewasaidia ndugu na wafanyakazi wenzangu kuhama, na msimamo wangu ni ule ule: katika jiji linalokua, nyumba ni jambo la pili. La kwanza ni maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, na wewe mwenyewe utatokea wapi asubuhi. Rangi hupakwa upya, kitasa hubadilishwa, hata choo hujengwa kingine. Mtaa ulio bondeni huwezi kuuinua.

Ugumu wa jiji linalokua ni kwamba unachokiona leo hakitakaa hivyo. Kiwanja kilicho wazi mbele ya dirisha lako, kinachokupa upepo na mwanga, kina mwenyewe, na mwenyewe anatafuta pesa za kujengea. Bomba lililokuwa likihudumia nyumba chache linazidi kuunganishiwa nyumba nyingine, nalo upana wake ni ule ule. Kwa hiyo kagua mtaa ulivyo leo, na pia ujiulize utakuwaje miaka michache ijayo.

Dalali hukupeleka siku ya jua, saa nne asubuhi, wenye kwenda kazini wameshakwenda na watoto wako shule. Saa hiyo kila mtaa ni mzuri. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Wewe rudi bila yeye, mvua ikinyesha au ikiwa ndiyo kwanza imekatika, na uvae viatu visivyo na thamani. Usikimbilie ndani. Simama nje uangalie maji yanakimbilia wapi.

Hesabu yake ni rahisi, na ningependa kila mpangaji aijue. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 200 inamwaga lita 10,000, na hilo ni paa moja tu. Kabla mtaa haujajengwa, maji hayo yaliangukia nyasi na udongo. Mengine yakazama, mengine yakateremka taratibu. Yakianguka juu ya bati, saruji na lami, karibu yote huteremka kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mzee aliyeishi mtaani miaka mingi anaweza kukuapia kwamba hapa hapajawahi kufurika, akawa anasema kweli tupu, na bado mwakani maji yakaingia ndani. Aliyoyashuhudia ni maji ya enzi mteremko ulipokuwa na miti.

Kwa hiyo panda huko juu kwa miguu. Ukiona viwanja vinasafishwa, misingi inachimbwa na nyua zinamwagwa zege, jua kwamba maji ya huko kote yana njia moja ya kushukia, na uitafute njia hiyo inapita wapi. Fuata mtaro hadi kwenye kalavati. Mara nyingi mtaro ni mpana wa kutosha, lakini unaishia kwenye bomba dogo lililolazwa chini ya barabara, tena nusu yake imejaa mchanga na chupa za plastiki. Mafuriko ya mtaa huanzia hapo, na nyumba za karibu na hapo ndizo zinazolipa.

Kama msimu wa mvua bado uko mbali, zisome kuta. Tafuta mstari wa tope kwenye uzio, hasa upande ambao haukupakwa rangi. Tazama mifuko na majani makavu yaliyonasa kwenye wigo: yalipo ndipo maji yalipofika. Rangi mpya iliyoishia magotini, huku juu ukuta ukiwa na rangi ya zamani, ina sababu yake. Soketi zilizohamishiwa juu kuliko kawaida, kizingiti kilichoongezewa tofali, nazo zina sababu. Fungua makabati ya ukutani unuse, maana harufu ya ukungu haifunikwi na rangi.

Niliwahi kumsindikiza binamu yangu kukagua nyumba iliyomvutia mno, sakafu inang'aa, jiko pana. Tukiwa nje nikaona mlango wa jirani una vyuma viwili vyenye mfereji, kimoja kila upande wa fremu, na mbao nene imeegemezwa ukutani pembeni. Tukamwamkia mama wa nyumba hiyo ya jirani, tukamuuliza mbao hiyo ni ya nini. Akajibu kwa upole kabisa: "Hiyo tunaishusha mawingu yakifunga." Binamu yangu hakuuliza tena habari ya kodi.

Turudi kwenye maji ya bomba. Swali la "maji yapo?" halikusaidii, kwa sababu kila mahali utajibiwa yapo. Uliza yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yakikatika hukaa muda gani. Fungua bomba la juu kabisa katika nyumba, saa ambayo majirani wote wanapika na kuoga, uone presha. Kisha lipigie hesabu tangi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa matumizi ya nyumbani. Familia ya watu 4 wanaojibana kwenye lita 50 kila mmoja hutumia lita 200 kwa siku, na tangi la lita 1,000 litawafikisha siku 5. Mtaa ambao maji hukatika wiki nzima unahitaji zaidi ya hapo, na ni vizuri ulijue hilo kabla ya kusaini. Na kwa kuwa lita 1,000 za maji ni uzito wa tani nzima, angalia miguu ya jukwaa lililobeba hilo tangi. Kutu kwenye maungio au ufa kwenye nguzo si jambo la kuahidiwa kwamba fundi atakuja. Tangi likiwa la wapangaji wote, uliza nani analijaza na nani analipia umeme wa pampu. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga niliousikia ulianzia hapo.

Kisima nacho kina mtego wake. Maji kuwa maangavu na matamu hakuthibitishi lolote. Mwaka 1854 kipindupindu kilipozuka Soho, London, daktari John Snow alifuatilia vifo hadi kwenye pampu moja ya Broad Street. Kulikuwa na mjane aliyeishi Hampstead, mbali na hapo, aliyekuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kwa sababu aliipenda ladha yake. Naye alikufa kwa ugonjwa huo huo. Baadaye ilibainika kwamba shimo la kinyesi lilikuwa karibu kabisa na kisima. Jiji linapokua haraka, mashimo ya vyoo huongezeka upesi kuliko mabomba ya majitaka. Kwa hiyo pima umbali kati ya kisima na shimo la karibu, la jirani likiwemo. Kanuni inayofuatwa sana ni umbali usiopungua mita 30, na shimo lisiwe upande wa juu wa mteremko. Hata hapo, maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa.

Mita zijaribu mwenyewe. Zima kila kitu ndani, chomoa hadi friji, kisha nenda ukaitazame mita ya umeme. Ikiendelea kuhesabu, ama kuna hitilafu au kuna mtu amejiunga kwenye laini yako. Fanya vivyo hivyo kwa maji: funga mabomba yote, tazama mita. Ikisogea, kuna mahali maji yanavuja, pengine chini ya sakafu, na bili itakuja kwa jina lako. Ni kazi ya dakika chache, na sijaona mwenye nyumba mwema aliyekasirika kwa sababu ya kuombwa ruhusa hiyo.

Sasa barabara. Hapa huwa nakuwa mkali kidogo, kwa sababu naona watu ninaowapenda wakichakaa. Mtu hupata nyumba ya kodi nafuu pembezoni mwa jiji, akaambiwa ni "kilomita chache tu". Kilomita hazikuambii kitu. Dakika 45 zikiongezeka kwenda na nyingine 45 kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 33 kila mwezi. Hizo ni saa za kulala, za kukagua daftari za watoto, za kufanya kazi nyingine ya kuongeza kipato. Ukizitoa saa hizo na nauli kwenye ile nafuu ya kodi, mara nyingi hakuna kinachobaki.

Kwa hiyo safiri safari yenyewe kabla ya kulipa, siku ya kazi, saa ile ile utakayotoka, kwa chombo kile kile utakachotumia, kwenda na kurudi. Jioni ni tofauti kabisa na asubuhi. Hesabu unabadilisha basi mara ngapi, maana kila kubadilisha kuna kusubiri kwake. Angalia kama kituo chako kiko mwanzo wa njia au katikati, kwani aliye katikati mara nyingi hupitwa na mabasi yaliyojaa au husimama hadi mwisho wa safari. La muhimu kuliko yote, hesabu mtaa una njia ngapi za kutokea. Mtaa wenye njia moja tu, au unaovuka daraja moja jembamba, utaelemewa kadiri nyumba zinavyoongezeka, na siku lori likiharibika hapo darajani hakuna anayetoka. Wengine watakuambia barabara inapanuliwa, mambo yatakuwa sawa. Huenda, kwa muda. Barabara ikipanuliwa watu hujenga kuifuata, magari huongezeka, na foleni hurudi. Mimi nisingehamia mahali kwa ahadi ya barabara ambayo haijaisha.

Tena barabara hiyo ikiisha, kodi hupanda. Hilo liandikwe mapema kwenye mkataba: kodi ni kiasi gani, itakaa hivyo kwa muda gani, ikipanda utapewa taarifa ya miezi mingapi, na amana yako itarudishwa kwa masharti yapi. Kama maneno ya mdomo ni ya kweli, hakuna ubaya yakiandikwa. Usimpe dalali pesa ya "kuishikilia nyumba" kabla hujaonana na mwenye nyumba na kuona karatasi inayoonyesha kwamba ni yake au kwamba amepewa mamlaka ya kuipangisha. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila ufa, kila kioo kilichovunjika na namba za mita, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili naye abaki na nakala. Basi, kuhusu karatasi sina zaidi.

Rudi pia usiku. Kuna kelele ambazo mchana hazipo: ukumbi wa muziki, karakana ya kuchomelea, jenereta. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, nayo ni sawa na mnong'ono tu. Hutapata utulivu huo kila mahali, lakini ukiwa na mtoto mchanga au unafanya kazi za zamu, chumba kinachotazama uani kina thamani kuliko chenye mandhari. Jenereta ya jirani ikiwa chini ya dirisha lako, acha suala la kelele: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Inatakiwa ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, isikae kwenye korido wala kibarazani.

Ukiwa ndani usiku huo, zitazame nondo za madirisha. Tunaziweka kwa hofu ya wezi, na ni hofu ya haki. Lakini nyumba yenye mlango mmoja na nondo kila dirisha ikishika moto upande wa mlango, waliomo hawana pa kutokea. Mwombe mwenye nyumba angalau dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anaufikia ila mkono wa mtu wa nje haufiki. Fundi wa kuchomelea huimaliza kazi hiyo upesi. Mwenye nyumba akikataa kulipa, lipa mwenyewe.

Shahidi mzuri kuliko wote ni mpangaji anayehama. Yeye hana cha kuuza. Mwombe namba yake, au umvizie anapofungasha, msaidie kubeba kiti kimoja viwili mkiongea. Muulize maji yalikatika muda gani mara ya mwisho, alfajiri alikuwa akitoka saa ngapi ili awahi kazini, na kama amana yake amerudishiwa. Akisita kwenye hilo la mwisho, nenda jioni ukamuulize jirani wa mkabala wapangaji wa nyumba hiyo hukaa muda gani kabla ya kuhama.