Kwa Mnaokuja Kazini Marsabit: Ulizeni Maji Kwanza

Mgeni akipangiwa kazi Marsabit, swali lake la kwanza huwa usalama, la pili simba. Kwa miaka tisa nimepokea wasaidizi wa utafiti huku kaskazini mwa Kenya, wengi wao vijana waliotoka chuoni na darubini mpya shingoni, na bado sijampata aliyeshuka garini akauliza maji yako wapi. Mimi pia sikuuliza, na kosa hilo lilinigharimu kazi ya miezi mingi. Ndiyo maana nataka mwanzie pale ambapo mimi nilichelewa kufika.

Kaunti hii ina takriban kilomita mraba 70,000, na ukiitazama kwenye ramani unaweza kudhani hakuna kitu. Si kweli. Kila boma, kila njia ya ngamia na kila kundi la punda milia liko pale lilipo kwa sababu ya kisima, au laga, yaani mto mkavu, iliyoficha maji chini ya mchanga, au chemchemi, au ukungu, au ziwa. Ukishayajua maji, jiografia, historia na wanyama wa huku hugeuka somo moja.

Anzeni mlimani. Mlima Marsabit, ambao Waborana huuita Saku, ni volkano pana ya zamani yenye kimo cha mita 1,700 hivi, imesimama peke yake katikati ya nyika kavu. Hauna mto unaotiririka mwaka mzima, ilhali mgongoni mwake kuna msitu mzito. Siri ni ukungu. Hewa yenye unyevu husafiri kutoka Bahari ya Hindi, hupanda mteremko usiku, hupoa, kisha majani na kuvumwani zinazoning'inia matawini huikamua tone kwa tone. Katika wiki yako ya kwanza amka saa kumi na moja alfajiri, usimame chini ya mti mkubwa. Utalowa mabega na mvua haijanyesha. Ukishalowa hivyo mara moja, hutahitaji kuelezwa kwa nini mti mmoja ukikatwa pale juu mtu wa kule chini hupungukiwa na maji.

Mlimani utakuta mashimo ya volkano, wenyeji huyaita gof. Gof Sokorte Guda ndilo lenye ziwa ambalo Wamarekani Martin na Osa Johnson waliliita Paradise walipopiga kambi hapo miaka ya 1920 kupiga picha za ndovu. Ndovu wangali wapo. Mvua zikinyesha hushuka nyikani, kiangazi kikikaza hurudi juu kwenye ukungu na maji. Hapa ndipo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ajabu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa amri ya serikali mwaka 1970. Alikufa mwaka 1974, na mifupa yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Kabla hujaja, pita uitazame.

Sasa kosa langu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu punda milia wa Grevy karibu na Laisamis. Hawa ni wale wakubwa, wenye masikio ya duara, mistari myembamba na tumbo jeupe. Duniani wamebaki wachache, kama 3,000 tu, na karibu wote wako kaskazini mwa Kenya. Nilikaa kando ya kisima kuanzia asubuhi hadi jioni siku kumi na mbili, nikaona ngamia, mbuzi, kondoo na watu. Nikaandika kwamba punda milia hawatumii kisima kile. Mzee mmoja Mrendille, aliyekuwa amenitazama siku zote hizo bila kusema neno, akaja akaketi karibu nami.

"Mwanangu, umeandika nini?"

"Kwamba hawaji hapa, mzee."

"Mchana wataanzia wapi kuja? Mchana tuko sisi. Njoo kesho kabla ng'ombe hawajafika, utazame chini."

Asubuhi iliyofuata nilitazama chini. Mchanga ulikuwa umejaa kwato za usiku, kubwa na ndogo. Ripoti yangu yote ilikuwa uongo niliouandika kwa nia njema, na nililazimika kuianza upya.

Kuanzia hapo nilielewa mambo mengine. Punda milia jike anayenyonyesha hawezi kukaa mbali na maji. Anahitaji kunywa kila siku au siku moja baada ya nyingine, kwa hiyo madume wenye nguvu hushika maeneo karibu na maji, wakijua majike watapita. Wakati mwingine majike huwaacha watoto pamoja, dume akiwa karibu, wao waende kunywa. Ukikuta watoto watatu wamesimama peke yao, usiwafikirie mayatima na usisogeze gari. Mama zao wako njiani. Choroa na swala twiga ni habari nyingine kabisa: swala twiga hupata maji yake kwenye majani anayoyafikia kwa kusimama na miguu ya nyuma, kwa hiyo ukimsubiri kisimani utazeeka. Ukipewa kamera ya kuwatambua punda milia wa Grevy, piga ubavu wa kulia, daima wa kulia. Hakuna wawili wenye mistari inayofanana, lakini picha ya kushoto na ya kulia haziwezi kulinganishwa, na sensa nzima imejengwa juu ya upande mmoja.

Kisima kina adabu zake. Acha gari mbali, nenda kwa miguu, salimia wakubwa kwanza, ngoja uulizwe. Maji yana zamu, na kwa Waborana yuko mtu anayeisimamia, abba herega. Usichote hata kikombe bila ruhusa. Katika visima virefu vijana hujipanga mmoja juu ya mwingine wakipokezana ndoo kwa wimbo. Wimbo ule ndio unaoshika mwendo wa mikono, basi usiwakatize kwa maswali yako ya utafiti.

Kuhusu Chalbi nitasema kidogo. Ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare ya chumvi, na chemchemi za pembezoni kama Kalacha ndizo zinazowaweka Wagabra na ngamia wao pale. Ikiwa kavu gari linateleza kama kwenye lami. Ikinyeshewa, ganda la juu hudanganya na chini ni tope. Tulizama pale siku mbili, wanne, na mtungi mmoja wa maji, kwa sababu nilitazama anga la juu yangu tu na sikuuliza kama mvua ilinyesha milimani. Muulize dereva wa lori la mifugo, si simu yako.

Kisha kuna ziwa. Turkana ni ziwa kubwa kuliko yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani. Halina mto wa kutoka. Maji huondoka kwa mvuke peke yake, chumvi na magadi hubaki. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Mtu wa Loiyangalani, mji ulio kando ya ziwa, anayeuliza habari za mabwawa ya Omo anaulizia chakula chake, kwa hiyo mpe jibu la kweli. Maji ya ziwa yana floraidi nyingi, yasiwe ya kunywa kwako. Loiyangalani yenyewe ipo kwa sababu ya chemchemi zake tamu, na mikoma inayoizunguka utaiona toka mbali. Hema lako lifunge mara mbili. Upepo wa bonde hili ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyo kusini mwa mji, na hautakuonea huruma usiku.

Utashangaa kukuta sangara na mamba wa mto Nile katika ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kati ya takriban miaka 11,000 na 5,000 iliyopita nchi hii ilikuwa na mvua, ziwa likapanda makumi ya mita likafurika kuelekea Nile. Maji yaliporudi nyuma, samaki na mamba wakabaki. Na maji hayohayo, kwa mamilioni ya miaka kabla ya hapo, ndiyo yaliyofukia mifupa kwa tope na majivu ya volkano kule Koobi Fora, ndani ya Hifadhi ya Sibiloi. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kikosi cha mtafiti Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu la binadamu wa kale lililokuja kuitwa 1470. Umri wa majivu yaliyokuwa juu yake ulizua mabishano ya miaka: kipimo cha kwanza kilisema miaka milioni 2.6, lakini meno ya nguruwe wa kale hayakukubali, kwa kuwa nguruwe wa aina ileile kule Omo walikuwa wa baadaye sana. Nguruwe walikuwa sahihi. Majivu yana miaka milioni 1.9 hivi. Kwa hiyo usiokote mfupa wala jiwe. Ni kosa kisheria, na kitu kikishaondolewa kwenye tabaka lake kimepoteza nusu ya habari zake.

Jifunzeni pia historia ya karibu, maana ndiyo itakayoamua mtapokewaje. Mwaka 1888 wasafiri wa Kizungu Teleki na von Höhnel walilifikia ziwa wakalipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf. Lilipewa rasmi jina Turkana mwaka 1975. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitangaza kaskazini kuwa eneo lililofungwa, na watu wakahitaji kibali kuingia na kutoka. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, mifugo ikauawa na kutwaliwa, na sheria za hali ya hatari zikadumu hadi 1991. Wazee wanaosema "nakwenda Kenya" wanaposafiri kwenda Nairobi hawatanii. Ukifika na daftari na jipiesi ukauliza mtu ana ngamia wangapi, kumbuka nani waliouliza swali hilo kabla yako. Hesabu ngamia kwa macho yako, au usihesabu.

Daftari langu la kwanza lilianza na orodha ya wanyama. La sasa linaanza na majina ya visima, kwa Kirendille na Kiborana, na mbele ya kila jina nimeandika ukoo unaopaswa kuombwa ruhusa na mwezi ambao kisima hukauka. Wale mtakaofika mwezi ujao nitawapa mnakili jioni ya kwanza, kabla ya kufungua masanduku. Visima viwili kusini mwa Laisamis vimebadilika tangu mwaka jana, kwa hiyo mtavitembelea wenyewe kwa miguu, alfajiri, mkitazama chini.