Gundi kwenye shina la mchungwa, bila kopa
Kaka, shina likitoa gundi, kopa (dawa ya ukungu yenye shaba) unaweza kuiacha. Anza na kisahani, lile shimo la kumwagilia kuzunguka mti: maji yakigusa shina, unaulisha ugonjwa unaoozesha gome, na huku Dodoma tunamwagilia hivyo karibu wote. Kichimbe upya kama pete, katikati uache tuta la sentimita 30 kuzunguka shina, na ufukue udongo uliofunika kiungio, pale mche ulipounganishwa. Kwangua gome lililooza mpaka ufikie lililo zima, pakauke.

Halafu puliza dawa ya fosetili-aluminiamu ya 80% kwenye majani, gramu 40 kwa bomba la lita 16, kabla ya saa 3 asubuhi. Hushuka yenyewe hadi mizizini, kwa hiyo mti uliopukutika majani hauinywi. Usiichanganye na kopa wala mbolea ya majani, itababua. Salfa hapa haifanyi kitu.