Maswali na majibu: Damu nyeupe kama tui

Barua za wiki hii nyingi zimeangukia jambo moja: mafuta ya damu yanayoitwa triglisaridi, na ugonjwa wa kongosho. Nimejibu tano.

Shikamoo daktari. Nilikwenda kupima sukari tu. Mtu wa maabara akanionyesha kichupa cha damu yangu, juu imekaa nyeupe kama tui. Karatasi inasema triglisaridi 14.2. Siumwi popote. Niogope? (Kijana wa miaka 34, Tanga)

Marahaba. Hofu haitakusaidia, lakini karatasi hiyo usiifungie kabatini. Weupe ulioonyeshwa ni mafuta yenyewe. Kawaida ni chini ya 1.7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Maabara nyingine huandika kwa miligramu. Zidisha kwa 88.5 upate hesabu yao. 14.2 yako inakuwa kama 1,257, na kawaida yao ni chini ya 150. Kwa ajili ya kongosho tunaanza kukunja uso mtu akifika 5.6 (500), na akivuka 11.3 (1,000) hatari inapanda kwelikweli.

Kongosho ni tezi iliyojificha nyuma ya tumbo. Hutoa insulini, na pia vimeng'enya vya kusaga chakula, kimojawapo lipesi, ambayo kazi yake ni kuvunja mafuta. Damu iliyojaa mafuta ikipita kwenye vimishipa vya tezi hiyo, lipesi huyavunja palepale, na asidi zinazotoka huunguza tezi yenyewe. Mawe ya nyongo na pombe ndivyo visababishi vikubwa zaidi vya kongosho kuvimba. Triglisaridi zinafuata nyuma yake.

Kutoumwa kwako si ushahidi wa uzima. Wengine hutokwa na vipele vidogo vya manjano kwenye viwiko au makalio, wengine hawaoni kitu. Rudia kipimo ukiwa hujala kwa saa 12, upimwe pia figo na tezi ya shingo. Halafu, mwanangu, ulikwenda kupima sukari na majibu ya sukari hukuniandikia! Kisukari kisichotulia hupandisha sana mafuta haya, na kikitulizwa mara nyingi nayo hushuka.

Mwaka mzima sijagusa chipsi. Natumia mafuta ya zeituni na kula parachichi kila siku, lakini kipimo kimegoma kwenye 12. (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, nieleze kwanza kuhusu chai yako. Sukari na wanga vikizidi, ini huvigeuza kuwa triglisaridi. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, na juisi ya miwa au ya embe, ambayo watu huiita ya afya, haina tofauti kubwa kwa ini lako.

La pili litakuudhi. Kwa mtu aliyefika 12, sifa ya mafuta ya zeituni haimsaidii, kwa kuwa mafuta ya aina zote za kawaida za kupikia huingia kwenye damu kwa njia ileile. Lengo ni mafuta yote yatoe asilimia 10 hadi 15 ya nguvu ya chakula. Kwa anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hadi 33 kwa siku, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni gramu 14. Vijiko viwili tu, na parachichi, karanga na nazi vimo humohumo. Kwa hiyo: ugali wa ukubwa wa ngumi, mchicha uliochemshiwa nyanya na kitunguu, maharage bila nazi, samaki wa kuchoma. Kipimo kikishuka tutaongea tena habari za parachichi.

Nililazwa kwa kongosho mwaka jana. Bia mbili za wikendi zina ubaya? (Dereva, Nakuru)

Zina ubaya. Hata moja.

Nitajuaje kuwa ni kongosho na si vidonda vyangu vya tumbo? (Mama lishe, Dar es Salaam)

Maumivu ya kongosho huanzia kwenye chembe ya moyo, yakapenya mpaka mgongoni, yakakaa kwa saa nyingi bila kukuachia. Unatapika na hupati nafuu. Kulala chali huyazidisha. Wengi huinama mbele wamekumbatia tumbo. Dawa ya vidonda haiyagusi.

Hapo usinywe uji wala usipitie duka la dawa kuchomwa sindano ya maumivu ili ulale. Nenda hospitali yenye kitanda, usiku huohuo. Na mlangoni useme: "Nina triglisaridi za juu," uwape na karatasi. Damu yenye mafuta mengi inaweza kudanganya kipimo cha amilesi (kimeng'enya cha kongosho) kikaonekana cha kawaida, ukarudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza asidi.

Shemeji yangu aliyeko Muscat kaniletea vidonge vya mafuta ya samaki. Niache fenofibreti, dawa yangu ya kushusha triglisaridi? Na je, vidonge vya uzazi wa mpango vina neno? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Geuza kopo usome nyuma. Kidonge kilichoandikwa miligramu 1,000 mara nyingi kina omega-3, yaani mafuta yenyewe yanayotibu, kama 300 tu, na kipimo cha tiba ni gramu 4 kwa siku. Ungemeza 13. Endelea na fenofibreti, hata kipimo kikishuka, mpaka daktari wako aseme vingine.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni hupandisha triglisaridi, kwa hiyo vina neno. Ila usivitupe leo usiku ukabaki hivihivi, maana ujauzito nao huzipandisha, hasa miezi mitatu ya mwisho. Nenda kliniki wiki hii na karatasi yako, uulizie kitanzi cha shaba. Hicho hakina homoni.