Kunenepa Gerezani Si Kupona

Muuguzi mstaafu wa Jeshi la Magereza anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu wa kiume anamaliza kifungo mwezi ujao. Alikamatwa na kete za heroini, amekonda hatamaniki. Sasa nikienda kumwona amenawiri, anaswali, anacheka. Ndugu wanasema jela imemponya, tumfanyie shughuli na tumpe mtaji wa mitumba asikae bure. Mimi roho haijatulia, ila sijui hata naogopa nini.
Mama wa Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Roho yako inakwambia kweli. Huyo kijana amekosa unga muda mrefu, amekula ugali na maharage kwa saa, amelala usingizi wa kutosha. Mwili umepumzika. Hamu iko palepale, inamsubiri getini.

Kuna jambo ndugu zako hawalijui. Anayevuta au kujidunga kila siku, mwili wake huzoea, ndiyo maana kipimo hupanda mwaka hadi mwaka. Akikaa ndani bila kutumia, mazoea yale huisha. Siku anatoka anapita maskani, wenzake wanamkaribisha, naye anachukua kipimo kilekile alichokiacha siku ya kukamatwa. Sasa kinamzidi. Pumzi inapungua taratibu, halafu inakatika. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka ndizo hatari kuliko zote, na hilo limeonekana nchi nyingi. Hayo mwambie sasa hivi, kabla hajatoka, tena bila matusi.

Shughuli fanyeni, pilau lipikwe, lakini iwe ya nyumbani na iishe mapema. Mtaji msimpe mkononi. Anunuliwe belo, auze pamoja na mkubwa wake, hesabu zifungwe kila jioni. Kama una ndugu mkoani mwenye moyo, miezi ya mwanzo akae huko, mbali na vijiwe anavyovijua. Zipo pia soba, nyumba za upataji nafuu, ambako waliopitia njia hiyohiyo wanakaa na mwenzao. Kabla hujalipa chochote nenda ukaone wanalala vipi na wanakula nini, na ukikuta mtu amefungwa mnyororo, rudi na kijana wako.

Kwako karibu ni Hospitali ya Temeke, yenye kliniki ya methadoni tangu 2014. Muhimbili ndiyo iliyotangulia, 2011. Methadoni ni dawa ya maji inayoshika nafasi ya unga mwilini, kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Ni ya watu wa heroini. Wa bangi au kokeini haimfai. Mwanao amekaa muda bila kutumia, kwa hiyo daktari ndiye ataamua kama anaihitaji. Asionjeshwe ya mwenzake hata kidogo, maana kwa mwili usioizoea methadoni nayo huua.

Ukimkuta anakoroma koromo lisilo la kawaida, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo mno na ukimwita haitiki, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usimnyweshe maziwa, atapaliwa. Waambie wazi ametumia nini. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayozimua sumu hiyo, lakini wakikisia ugonjwa mwingine mnapoteza dakika.

SWALI: Afande, mimi ni askari kijana, nimepangiwa mapokezi ya mahabusu. Wakiletwa wa unga, usiku wa pili wanalia, wanatapika, wanaharisha. Wakubwa zangu wanasema wanajifanyisha, waachwe wakauke. Nifanyeje?
Askari, Kanda ya Ziwa

JIBU: Kijana wangu, hiyo ni arosto, mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa. Huanza ndani ya siku moja tangu kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki au zaidi kidogo. Kilio mtu anaweza kuigiza. Mboni zilizopanuka, vipele vya baridi mwili mzima wakati wenzake wanatokwa jasho, miayo isiyokoma na kamasi za maji, hizo haigizi mtu. Mpe maji ya ORS, ya kurudisha maji na chumvi zilizopotea mwilini, kidogo kidogo, na umwite muuguzi wa zamu hata kama atanuna. Mimi nilinuna sana, ila nilikwenda.

Muulize kila mmoja: pombe je? Vidonge vya usingizi je? Arosto ya unga inatesa, lakini mtu mzima aliye na maji mwilini huivuka. Mlevi wa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa sakafuni kwako. Watu wengi hudhani ni kinyume chake. Kisha uliza kama alikuwa kliniki ya methadoni. Akisema ndiyo, kliniki ipigiwe simu kesho asubuhi, si baada ya kesi kutajwa. Gereza la Segerea na Shimo la Tewa kule Mombasa wanaitoa humohumo ndani, kwa hiyo usikubali kuambiwa haiwezekani. Na kama anakohoa, apimwe kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inapunguza nguvu ya methadoni, basi mgonjwa wa TB atalalamika kuwa dozi haimshiki, na atakuwa anasema kweli.

Lingine, ingawa si kazi ya cheo chako: usimlaze mtoto wa kete mbili selo moja na bwana wa kilo. Nimewaona wanaingia watumiaji, wanatoka wana ajira.

SWALI: Kodi yetu kwa nini iwatibu mateja? Jela ni adhabu.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Adhabu ni kunyimwa uhuru, na hakimu ameshaitoa. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango cha walio nje. Kama hilo halikugusi, kumbuka kwamba TB ya selo hutoka na askari jioni akapanda nayo daladala yako.

SWALI: Mume wangu amefungwa kwa biashara ya dawa za kulevya. Naweza kumwombea parole?
Dada, Ilala

JIBU: Hapana, dada. Kosa hilo limeachwa nje ya parole, yaani kutoka kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, na yeyote atakayekuomba pesa ili aifanikishe ni tapeli. Zungumza na ofisa ustawi wa gereza apangiwe ufundi, useremala au ushonaji. Ukienda kumwona chukua kadi yake ya kliniki, kama anayo, uikabidhi zahanati ya gereza na uandike jina la aliyeipokea.