Kiunganishi kina taa ya kijani, lakini kila jaribio linarudi "Halikugunduliwa"

SWALI

Kaka, habari za kazi. Mimi ni afisa TEHAMA wa SACCOS moja hapa Tanga. Ofisi kuu ipo Ngamiani, na tuna matawi Muheza na Korogwe. Logi, yaani kumbukumbu za matukio, za kompyuta za kaunta, za seva na za ukuta wa moto (firewall) tunazikusanya kwenye programu ya Graylog. Mwaka huu menejimenti imekubali kulipia jukwaa la kupima ulinzi, lile linaloiga mashambulizi halafu linauliza mfumo wa logi kama umeyaona. Kiunganishi chake, yaani programu ya kuliunganisha na Graylog, nimekiweka kwenye seva moja hapa ofisini na kinaonyesha taa ya kijani. Lakini kila jaribio linarudi na jibu "Halikugunduliwa", wakati mimi nikiingia Graylog nayaona matukio yenyewe. Meneja ameanza kuuliza kama Graylog inafaa. Nianzie wapi? Na je, nifungue poti ya Graylog kwenye intaneti ili jukwaa liifikie moja kwa moja?

JIBU

Nzuri, dada, na pole na hizo ripoti nyekundu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari. Usiifungue poti 9000 ya Graylog kwenye intaneti, hata kwa siku moja ya kujaribu. Humo ndani mna majina ya watumiaji, anwani za mashine zenu zote na ramani nzima ya mtandao wenu kwa mtu anayejua kusoma. Kiunganishi ulichokiweka ofisini kipo kwa ajili hiyo hiyo: kinatoka chenyewe kwenda kwenye jukwaa, kwa kawaida kwa poti 443, kinachukua swali, kinaiuliza Graylog ndani kwa ndani, kinarudisha jibu. Hakuna anayehitaji kuingia kutoka nje. Na kama Graylog yenu inatumia cheti cha usalama (TLS) mlichojitengenezea, kipe kiunganishi cheti cha mamlaka yenu ya ndani inayotoa vyeti ili kikitambue. Usizime ukaguzi wa cheti, maana tokeni (msimbo wa siri unaotumika badala ya nywila) ya kusoma logi zenu zote itapita kwenye njia hiyo.

Sasa tatizo lenyewe. Taa ya kijani inathibitisha mambo mawili tu: Graylog imepatikana, na imekubali utambulisho ulioletwa. Haisemi kama akaunti hiyo inaruhusiwa kuona chochote, wala kama swali linaulizwa kwa saa sahihi na kwa mashine sahihi. Wewe ukiingia unatumia akaunti ya msimamizi, unaona kila kitu, tena kwa saa za hapa. Jukwaa linatumia akaunti nyingine na saa nyingine. Kwa hiyo kabla hujagusa mpangilio wowote, toka kwenye akaunti yako, ingia Graylog kwa ile uliyolitengenezea jukwaa, kisha utafute tukio lile lile.

Ukikuta kurasa tupu, umeshapata kosa la kwanza. Kwenye Graylog, mtumiaji aliyepewa wadhifa wa msomaji tu hana mkondo wowote (fungu la logi lililotengwa) mpaka ushirikishe mikondo kwake. Anaingia vizuri, anatafuta, anapata sifuri, na hakuna ujumbe wa kosa. Mshirikishe mikondo ya logi za Windows na ukuta wa moto, na pia mkondo unaobeba matukio ya tahadhari, kwa sababu nitakayoieleza chini. Usikimbilie kuliwekea jukwaa akaunti ya msimamizi. Msomaji anatosha, na siku tokeni ikivuja hasara itakuwa ndogo. Tokeni yenyewe unaitengeneza ndani ya akaunti hiyo. Watu wengi hukwama wakati wa kuiingiza: inaandikwa mahali pa jina la mtumiaji, na mahali pa nywila unaandika neno token kama lilivyo, kwa herufi ndogo.

Kama akaunti ya jukwaa inaona matukio sawasawa na wewe, basi mimi ningeweka shaka yangu yote kwenye saa. Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi katika mifumo ya kwetu, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Graylog huhifadhi muda wa kila ujumbe kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Sisi tupo saa tatu mbele yake. Ukiingia mwenyewe, Graylog inakugeuzia muda kulingana na ukanda wa saa uliowekwa kwenye akaunti yako, ndiyo maana kwako kila kitu kinakaa sawa. Jukwaa haligeuziwi. Chukua jaribio lililofanyika saa nne na dakika 42 asubuhi, yaani 10:42 kwa saa ya kompyuta. Ndani ya Graylog tukio hilo limekaa kama 07:42. Ikiwa kiunganishi kimesoma saa ya seva yake na kutuma swali "kati ya 10:40 na 10:50" bila kutaja ukanda, Graylog italitafuta kati ya 10:40 na 10:50 za UTC, ambazo kwa hapa Tanga ni saa saba na dakika 40 mchana hadi saa saba na dakika 50. Muda huo haujafika. Jibu linakuwa sifuri, na jukwaa linaandika "Halikugunduliwa" kwa uaminifu kabisa.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye mipangilio ya kiunganishi tafuta dirisha la muda wa kutafuta, ulirefushe lirudi nyuma saa nne. Rudia jaribio moja. Matokeo yakitokea ghafla, tatizo ni ukanda wa saa. Usiliache dirisha la saa nne likawa ndiyo tiba, kwa sababu jukwaa litaanza kuokota matukio ya asubuhi na kuyahesabu kama ya jaribio la mchana, nawe utapata ripoti ya kijani isiyo na ukweli. Weka ukanda wa Africa/Dar_es_Salaam kwenye seva ya kiunganishi, hakikisha maswali yanatumwa kwa UTC au yakiwa na tofauti ya saa iliyoandikwa wazi, kisha rudisha dirisha kwenye dakika chache.

Ukuta wa moto una ugonjwa wake tofauti. Vifaa vingi bado vinatuma logi zake kwa syslog, muundo wa kutumia logi mtandaoni, kwa mtindo wa zamani ulioelezwa kwenye waraka wa RFC 3164 wa mwaka 2001, ambao tarehe yake haina mwaka wala ukanda wa saa. Kifaa kinaandika 10:42, Graylog isipoambiwa vinginevyo inaweza kudhani ni 10:42 za UTC, na ujumbe unakaa saa tatu mbele ya wakati wake. Ukitafuta "dakika 15 zilizopita" huuoni. Kama kifaa chako kinaweza kutuma kwa RFC 5424 ya mwaka 2009, kibadilishe leo, kwani muundo huo hubeba tarehe kamili pamoja na tofauti ya saa. Kama hakiwezi, rekebisha muda huo kwenye kanuni za uchakataji za Graylog kabla ujumbe haujahifadhiwa. Na mashine zote, za matawi pia, zichukue saa kutoka chanzo kimoja cha NTP, huduma ya kulinganisha saa mtandaoni. Umeme ukikatika Muheza, kompyuta ya zamani yenye betri ya bodi iliyochoka huwaka ikiwa na tarehe ya ajabu, na jaribio lolote juu yake halitapatikana mpaka saa irekebishwe.

Jambo la tatu ni majina. Jukwaa linaijua mashine kwa jina fupi, tuseme KAUNTA-03, ilhali logi inaweza kuwa imeandika jina refu lenye kikoa cha ofisi mwishoni. Uga (sehemu ya ujumbe) wa source, unaobeba jina la chanzo, kwenye Graylog haujali herufi kubwa na ndogo, lakini nyuga nyingine nyingi za maneno hulinganishwa herufi kwa herufi, kwa hiyo KAUNTA-03 na kaunta-03 ni vitu viwili. Tena Graylog, kwa mpangilio wake wa kawaida, haikubali utafutaji unaoanza na nyota, hivyo swali la aina ya *kaunta-03 halitakufikisha popote. Halafu kuna kiambishi, yaani neno linalotangulizwa kwenye jina la uga. Kama logi za Windows zinakuja kwa Winlogbeat, programu ndogo inayozituma kutoka kila kompyuta, kupitia kipokezi cha Beats, namba ya tukio huwa kwenye uga unaoitwa winlogbeat_event_code, isipokuwa kama aliyeweka kipokezi alichagua kuondoa kiambishi. Violezo vya maswali vinavyokuja na jukwaa mara nyingi havijui mlichagua nini, basi hiyo inabidi uihariri kwa mkono.

Fanya hivi, na uwe na daftari karibu. Chukua kompyuta moja ya majaribio isiyogusa fedha za wanachama. Angalia saa, iandike. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net user jaribio01 * /add, weka nywila ngumu unapoulizwa. Windows itaandika tukio namba 4720, la kuundwa kwa akaunti, ambalo katika orodha ya mbinu za washambuliaji iitwayo MITRE ATT&CK linaangukia T1136.001. Nenda Graylog kwa akaunti ya jukwaa, tafuta winlogbeat_event_code:4720, ufungue ujumbe huo na unakili neno kwa neno muda wake, jina la mashine lilivyoandikwa na majina ya nyuga. Andika pia ni sekunde ngapi zilipita tangu ulipobonyeza mpaka ujumbe ulipoonekana. Kisha fungua kiolezo cha swali la jukwaa, uweke karatasi yako pembeni, na ulinganishe. Tofauti utaiona kwa macho. Ukimaliza futa akaunti hiyo kwa net user jaribio01 /delete, na tukio 4726 litakuonyesha kuwa imeondoka.

Zile sekunde ulizoandika zina kazi. "Kugunduliwa" kunaweza kuwa na maana mbili, na majukwaa mengi huziripoti mbalimbali: logi imefika, na tahadhari imelia. Ya pili inategemea kanuni za tahadhari ulizoweka mwenyewe Graylog, na kila kanuni huendeshwa kila baada ya muda fulani. Kama kanuni yako inapita kila dakika 5 na jukwaa linauliza baada ya dakika 2, tahadhari bado haijazaliwa. Ongeza muda wa kusubiri upite mzunguko wa kanuni ukichanganya na ucheleweshaji uliopima. Na tahadhari zikishalia huhifadhiwa kwenye mkondo wake, tofauti na logi za kawaida. Ndiyo sababu nilisema umshirikishe msomaji mkondo huo pia.

Ukishanyoosha haya, baadhi ya majaribio yatabaki mekundu, na hayo sasa ni mekundu ya kweli. Mengi yatatokana na Windows yenyewe kutoandika. Tukio 4688, la programu kuanza, halirekodiwi mpaka uwashe ukaguzi wake kwenye sera, na amri kamili iliyoandikwa haiingii mpaka uwashe sera nyingine ya ziada. Vivyo hivyo 4698, la kazi iliyopangwa kujiendesha. Hapa Graylog haina kosa, haiwezi kuonyesha kilichokosa kuandikwa, na meneja aelezwe hivyo. Mpelekee mafungu matatu: yasiyoandikwa, yaliyoandikwa lakini hayana kanuni, na yaliyolia. Hayo anaweza kuyapangia bajeti. Asilimia moja iliyochapishwa na jukwaa haimwambii anunue nini.

Kuna jambo naomba usilikubali hata likija kutoka juu. Majaribio yakianza kugunduliwa, simu zitalia na barua pepe zitajaa, na mtu atapendekeza kanuni ziiache kompyuta ya majaribio au akaunti inayotumiwa na jukwaa. Usifanye hivyo. Utakuwa umeandaa mashine moja ndani ya SACCOS ambayo mwizi akiipata anatembea bila kuonekana. Acha kanuni zilie, ila jukwaa litume ratiba yake Graylog kwa syslog, ili anayepokea tahadhari aone pembeni kwamba saa hiyo kulikuwa na jaribio kwenye mashine hiyo.

Kisheria, pata kibali cha maandishi cha menejimenti kinachotaja mashine, tarehe na saa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu kuingia kwenye mifumo bila idhini, na barua hiyo ndiyo itakayokulinda ukiulizwa. Pia angalia kiunganishi kinarudisha nini nje. Kama jukwaa lipo kwenye seva za nchi nyingine na linavuta mistari mizima ya logi, yenye majina na namba za wanachama, unagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ina masharti yake juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Karibu kila mara inawezekana kulipunguza jibu libaki na jina la kanuni, muda na mashine. Chagua hivyo. Jukwaa halihitaji kujua nani alitoa fedha Korogwe.

Matawi yafanye mwisho, baada ya Ngamiani kukaa sawa. Mtandao ukikatika Winlogbeat hukumbuka ilipoishia na kuendelea kutuma ukirudi, kwa hiyo logi za Muheza zitafika, ila zinaweza kuchelewa kuliko dirisha la jukwaa. Tengeneza kundi la matawi lenye muda mrefu zaidi wa kusubiri, na uyapange majaribio yake jioni baada ya kaunta kufungwa. Ukifika hapo na bado kuna jekundu usilolielewa, nitumie ujumbe wa 4720 ulioufungua pamoja na kiolezo cha swali, majina ya watu ukiwa umeyafuta.