Ukiingia pantomimu ya kijiji, fanya mazoezi ya kelele

Ukiishi kijijini Uingereza, siku moja utaliona tangazo limebandikwa dukani: kikundi cha maigizo cha kijiji kinatafuta watu wa pantomimu. Wenzetu wengi niliokutana nao huku hulipita tu, wakidhani ni mambo ya watoto, au ya wenyeji peke yao. Mimi ni mtoto wa Tanga ninayeishi Devon, na ushauri wangu ni kwamba uingie. Ila ukishaingia, shika jambo hili kuliko yote: kwenye pantomimu mtazamaji naye ni mwigizaji, na sehemu kubwa ya maneno ni yake.

Kwa asiyeijua, pantomimu ya Kiingereza ni hadithi ya kale, kama Cinderella, Aladdin, Dick Whittington au Jack na mharagwe wake uliofika mawinguni, iliyotiwa nyimbo, vichekesho na mavazi ya kumeremeta. Kwa desturi kijana shujaa huigizwa na msichana. Mama mtu mzima, anayeitwa Dame, huigizwa na mwanamume, na wala hajifichi kwamba ni mwanamume. Dan Leno, aliyeng'ara London katika ukumbi wa Drury Lane kuanzia mwaka 1888, ni miongoni mwa waliompa Dame sura anayoendelea kuwa nayo leo. Mwovu huingilia kushoto mwa jukwaa, jini mwema huingilia kulia. Mwovu akitokea, ukumbi mzima unamzomea. Akisema "Sivyo!" watu wanajibu "Ndivyo!", na mzimu ukinyemelea kwa nyuma, watoto wanasimama vitini wakipiga kelele, "Yuko nyuma yako!"

Sisi tuliolelewa kwa "Paukwa!" na "Pakawa!" tunalijua jambo hili tangu utotoni. Bibi hakuendelea na hadithi mpaka tuitikie.

Sasa tatizo la mazoezi ni kwamba ukumbi wa kijiji mwezi Novemba ni mtupu na una baridi. Unasema maneno yako, mwenzako anadakia, mnafika mwisho, mnaridhika. Usiku wa kwanza watu mia wakizomea, mwendo wote wa mchezo unavurugika: mwingine anasema juu ya kelele, mwingine anaganda. Kwa hiyo mwombeni muongozaji awaite watu wachache wakae mbele wakati wa mazoezi, kazi yao iwe kupiga kelele tu. Waleteni watoto wa waigizaji. Mleteni na babu mmoja mkorofi, huyo ana thamani yake.

Mimi nimecheza mwovu, na nilichokuja kukielewa ni kwamba zomea ina mwili wake. Inapanda, inafika kileleni, kisha inaanza kushuka. Usiseme ikipanda, na usisubiri mpaka iishe kabisa, maana ukumbi utapoa. Sema pale inapoanza kushuka, na sauti yako itaingia juu yake. Wakati ukisubiri usikae tu. Watazame usoni, hasa watu wa safu za nyuma, uwaoneshe kwamba umewachukia. Wataongeza. Kwa mwovu, kuzomewa ndiyo makofi yake.

Mchezo wa mzimu nao una hesabu yake. Watu wanakaa benchi moja wakiimba ili wasiogope, mzimu unakuja nyuma yao, na kila mara mmoja anatoweka. Wakigeuka kulia, mzimu uende nao kulia, kisha wote warudi mbele pamoja. Kasi ikipishana kidogo tu, mtoto wa miaka 5 atagundua na hatapiga kelele tena. Rudieni hapo mpaka mchoke.

Ng'ombe wa Jack huchezwa na watu wawili ndani ya vazi moja, na ndiyo nafasi ninayompendekezea mgeni yeyote, kwa sababu huhitaji kukariri neno hata moja. Wa mbele anaona na kuchezesha macho kwa kamba. Wa nyuma ameinama, ameshika kiuno cha mwenzake, gizani, na kuna joto hasa. Kubalianeni mguu wa kuanzia, na ishara ya kusimama: kubana kiuno mara moja kunatosha. Kunyweni maji kabla ya kuvaa. Mwenye mgongo mbovu asiwekwe nyuma, hata akisisitiza.

Vichekesho vya kienyeji ndivyo vinavyowafanya watu wa kijiji wahisi mchezo ni wao: shimo la barabarani lisilozibwa, kijiji jirani, basi linalochelewa. Nanyi msione haya kuvileta vya kwenu. Ila ukitaka kumtaja mtu kwa jina, mwombe ruhusa kwanza. Baada ya onyesho mtakutana naye dukani.

Kuna mambo ya ofisi pia, na hayafai kuachwa mwisho. Mswada ukiwa wa mwandishi mwenye haki zake, kibali cha kuuonyesha hulipiwa, tena kabla ya kuanza kuuza tiketi. Watoto wa umri wa shule mara nyingi huhitaji kibali cha halmashauri ya eneo na walezi waliokubaliwa, kwa hiyo ulizeni mapema. Peremende za kuwarushia watoto, kumbi nyingine hazitaki zirushwe, wapeni mkononi.

Vikundi vingi vya vijijini huonyesha Januari au Februari, sikukuu zikishapita, na huita watu wa kujaribiwa Septemba au Oktoba. Nenda hata kama lafudhi yako inakutia wasiwasi. Ukumbi unataka sauti inayofika nyuma, na mtu aliyewahi kumwita mwenzake ng'ambo ya uwanja sauti hiyo anayo. Usipotaka jukwaa, omba taa, cherehani, au chai ya mapumziko. Kama ni taa, kaa uione safu ya watoto, maana wewe ndiye utakayejua wameshauona mzimu, na hapo ndipo pa kuuwashia taa.