Maswali na Majibu: Matofali yanabanduka, je, tununue nyumba hii ya 1889?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi na mume wangu tunaishi St. Louis, Missouri, tangu tulipotoka kambi ya Nyarugusu. Tumepata nyumba ya matofali mekundu mtaa wa Hyde Park, ya mwaka 1889, kwa bei tunayoimudu. Mtaa ulikuwa umeachwa ukawa magofu, sasa watu wanarudi. Muuzaji anasema viungo vya kuta zote, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, vilijazwa saruji mpya miaka minne iliyopita, kwa hiyo ukuta ni imara kuliko ulivyojengwa. Lakini upande wa uchochoroni matofali yanabanduka nyuso, na kuna unga mweupe. Fundi mmoja ametuambia tupulizie dawa ya kuzuia maji, yataacha. Ni kweli? Tununue? — Msomaji, St. Louis

JIBU: Dada yangu, si kweli. Aliyejaza ile saruji ndiye aliyeanza kuubandua ukuta huo, na dawa ya kupuliza itamalizia kazi yake.

Picha za ukuta kama huu naletewa kila mara, na kila mara zinakuja na maelezo yaleyale: kazi imefanywa juzi tu, kwa saruji nzuri, kwa nini tofali linaoza? Linaoza kwa sababu hiyohiyo. Dhana inayonikera kuliko zote katika kazi hii ni kwamba mota (mchanganyiko wa kuunganishia matofali) ikiwa ngumu ndiyo bora. Kwa ukuta wa bloku za leo, haya. Kwa ukuta wa 1889 ni sumu.

Simama uchochoroni uitazame nyumba vizuri. Waashi wa St. Louis wa enzi hiyo walitumia matofali ya aina mbili au tatu katika nyumba moja. Mbele, barabarani, waliweka tofali lililoshindiliwa kwa mashine, gumu, kingo zimenyooka, viungo vyake milimita tatu hivi. Ubavuni na nyuma wakaweka tofali la kawaida, la bei nafuu, laini zaidi. Katikati ya ukuta wakaficha yale ambayo moto wa tanuri haukuyafikia sawasawa, rangi yake imefifia, ukiyakwaruza yanatoa unga. Yote hayo yakaunganishwa kwa chokaa na mchanga, na walijua walichokuwa wanafanya.

Ukuta wa namna hiyo hunywa maji mvua inaponyesha, kisha huyatoa. Njia ya kutokea ni kiungo, kwa kuwa chokaa ina vitundu vingi na ni laini kuliko tofali. Chumvi inayosafiri na maji inaishia kwenye chokaa, na barafu ya majira ya baridi ikichokonoa, inachokonoa chokaa. Baada ya miaka mingi unakwangua kiungo kilichochoka, unajaza kingine, tofali liko palepale. Sasa ziba viungo kwa saruji. Maji yanakosa mlango, yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe. Chumvi inaganda ndani ya uso wa tofali. Huo ndio unga mweupe mliouona. Januari inafika, na St. Louis joto hupanda na kushuka kuzunguka sifuri. Maji yaliyonaswa yanaganda na kutanuka kwa karibu asilimia 9, na uso wa tofali unaruka. Ule uso ndio uliopata moto wa tanuri kuliko sehemu nyingine. Ukishatoka, hakuna dawa ya kuurudisha.

Mtu yeyote wa Mji Mkongwe aliyeona lipu ya saruji ikivimba na kudondoka kwenye ukuta wa mawe na chokaa hahitaji kuelezwa haya mara mbili. Nashangaa kuona ndugu zetu waliokulia pwani wakifika Marekani na kuamini kwamba huku kanuni imebadilika.

Wapo wanaonijibu kwamba chokaa ni dhaifu, wakitoa mfano wa wezi wa matofali kaskazini mwa St. Louis. Ni kweli, wezi hao walikuwa wakichoma nyumba tupu ili mabomba ya zimamoto yasukume chokaa nje ya viungo, kisha wanaokota matofali na kuyauza, mengi yakaishia majimbo ya kusini. Lakini moto na bomba la zimamoto si mvua. Na matofali hayo yalinunulika kwa sababu chokaa ilikuwa imeyatunza zaidi ya miaka mia moja. Tofali lililoshikwa na saruji huvunjika kabla halijaachia.

Kuhusu dawa ya kupuliza: inaweka koti la nailoni juu ya mtu anayetoka jasho. Maji yanaingia kutoka juu ya paa, kwenye gata lililooza (mfereji wa maji ya paa), kwenye besimenti (chumba cha chini ya nyumba). Dawa haizibi hata kimoja kati ya hivyo. Inazuia ukuta usikauke, basi. Anayewauzia anajua kwamba hatakuwepo ukuta utakapoanguka.

Je, mnunue? Kwa bei hiyo, bado. Chukueni ufunguo mkwaruze viungo vya ukuta wa uchochoroni na wa nyuma. Chokaa itatoka kama mchanga, saruji itakataa. Shusheni timazi, kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu, kwenye ukuta wa nyuma. Nyumba nyingi za huko paa lake hutiririsha maji nyuma, na ukuta huo ndio unaotangulia kuvimba. Ukuta ukiwa umevimba kuelekea nje, mwiteni mhandisi wa majengo, msiridhike na mkaguzi wa kawaida anayeona viungo vipya na kuandika “hali nzuri”. Gharama atakayotaja ndiyo mtakayoipunguza kwenye bei. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Na mkinunua, msikimbilie kutoa saruji yote kwa grainda, mashine ya kukatia. Grainda inakata kingo za tofali, na pale saruji iliposhika sana, kuitoa kunaumiza kuliko kuiacha. Anzeni na paa na gata. Kisha yatolewe matofali yaliyokufa tu. Lililobanduka upande mmoja mara nyingi hugeuzwa, mgongo wake mzima ukatazama nje. Mota iwe ya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, au ikibidi iwe ngumu zaidi, isizidi ile inayoitwa O: saruji 1, chokaa 2, mchanga 9. Mfuko wa dukani wenye herufi S una saruji 1 kwa chokaa nusu. Huo usikaribie ukuta wenu.

Ninalosema linawahusu wote wanaonunua nyumba kuukuu katika mitaa inayofufuka, iwe St. Louis, Cincinnati au Baltimore. Mtaa ukianza kupanda, wanakuja wanunuzi wa haraka: wanapiga bodi za jipsamu juu ya ukuta mbichi, wanapaka tofali rangi ya kijivu, wanaweka sakafu ya plastiki, wanauza. Baada ya kimbunga cha Mei 2025 kilichoangusha kuta nyingi kaskazini mwa St. Louis, hofu imewapa soko zaidi mafundi wa saruji. Nyumba iliyoachwa bila kuguswa, chokaa yake imechoka na inaonekana, naiamini kuliko iliyokarabatiwa juzi. Ya kwanza inanionyesha ugonjwa wake.

Jambo la mwisho ni la fedha. Missouri inatoa punguzo la kodi la asilimia 25 ya gharama za kukarabati nyumba ya kihistoria, hata kwa anayeishi humo, mradi gharama zizidi nusu ya thamani mliyonunulia. Lile la serikali kuu, asilimia 20, ni la majengo ya biashara au ya kupangisha. Ombi la jimbo liidhinishwe kabla ya fundi kuanza kazi, na kuupulizia ukuta mchanga kwa mashine ili ung'ae kunaweza kuwanyima punguzo lote. Kwa kuwa Hyde Park ni eneo la kihistoria la mji, kazi ya nje inahitaji pia kibali cha ofisi ya urithi ya jiji. Pigeni simu huko kabla ya kusaini, na nitumieni picha ya ukuta wa nyuma, iliyopigwa kutoka pembeni.